Mtoto wa wiki 5 anarukaruka mikono na miguu akilala: ni degedege?

MamaShani
Habari za jioni wadau, naombeni ushauri. Mwanangu ana wiki 5, alizaliwa miezi yake ikiwa imetimia, kilo 3.1, akalia papo hapo. Tangu wiki ya pili, kila akishasinzia mikono inaanza kurukaruka, mara miguu nayo, mara upande huu mara ule. Jana usiku iliendelea kama dakika 4, inakata halafu inarudi. Akiwa macho sijaiona. Ananyonya vizuri, maziwa yangu tu, hana homa. Bibi yake anasema ni degedege, anataka afukizwe. Nikimbie hospitali usiku huu au nisubiri kliniki ya Jumatatu?

Tabibu wa Zamu
Pole mama Shani. Akianza tena, fanya mambo matatu kwa mpangilio huu, usiruke hatua.

Kwanza usimguse. Hesabu sekunde 15 ukitazama macho, midomo na rangi ya ulimi. Pili, weka kiganja juu ya mkono unaoruka, ukunje taratibu kwenye kiwiko na uushikilie hivyo hivyo. Tatu, mwamshe kabisa: mfunue, mpapase nyayo, mwite mpaka afungue macho. Urudi na majibu ya kila hatua, maana kila moja inatenganisha kitu tofauti.

MamaShani
Ameanza saa tatu kasoro. Macho yamefumba, uso umetulia, ulimi rangi yake. Nilipokunja mkono ukaendelea kuruka ndani ya kiganja, naona kama ulizidi. Nilipomwamsha ikakata pale pale, akatafuta ziwa.

Tabibu wa Zamu
Maelezo hayo ni mazuri sana, na yanaelekea upande mmoja. Kutetemeka kwa kawaida kwa mchanga, kule kunakokuja akilia au akishtuliwa, hukoma ukishika kiungo na kukikunja. Degedege halikomi kwa kushikwa wala kwa kuamshwa. Hii ya kwako haikomi kwa kushikwa, ila inakata akiamka. Hiyo ndiyo sura ya mayoklonia ya usingizini, kucheza kwa misuli kusiko na madhara, ambako mara nyingi huanza ndani ya wiki 2 za mwanzo na kuisha kati ya miezi 3 na 6. Si kifafa, wala si mwanzo wa kifafa. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, hutoka safi hata kikichukuliwa wakati mikono inaruka.

Usimtikise wala kumbembeleza kwa nguvu ili itulie. Kutikiswa ndiko kunakoichochea. Usikubali pia dawa ya kutuliza degedege bila mtoto kuchunguzwa. Jamii ya diazepam inaweza kuizidisha hali hii, mtu akaona dozi haitoshi, akaongeza, mwisho mtoto akashindwa kupumua vizuri. Makosa hayo huanzia kwenye jina baya la ugonjwa.

Mkunga wa Pwani
Nakubaliana na Tabibu juu ya sura yake, ila sitaki mama asubiri Jumatatu. Mtoto chini ya miezi 2 anayerukaruka aonwe kwa macho na apimwe kwa mikono, hata kama maelezo ni mazuri. Usiku huu kama ametulia alale. Kesho asubuhi aende.

Akifika, mambo ni machache. Apimwe joto. Ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikiwa 60 au zaidi zihesabiwe tena. Utosi uguswe kama umetuna. Atobolewe kisigino apimwe sukari, tone moja tu linatosha. Chini ya 45 kwa mizani ya miligramu, yaani 2.5 kwa mizani ya milimoli, inatakiwa kutibiwa bila kuchelewa. Daktari akiona haja ataongeza kipimo cha kalsiamu na cha sodiamu, yaani chumvi ya damu.

Mama Shani, nakuuliza bila kukulaumu: kuna anayempa maji, glukosi au maziwa ya ng'ombe wewe ukiwa hupo? Maji huzimua chumvi ya damu, na figo za mchanga haziwezi kuyatoa haraka. Maziwa ya ng'ombe yana fosfeti nyingi inayoshusha kalsiamu. Yote mawili huleta degedege la kweli kwa mtoto aliyekuwa mzima, na nyumbani huwa hayatajwi kwa sababu yanaonekana ni chakula tu.

MamaShani
Nimeuliza. Bibi alimpa maji ya glukosi vijiko viwili juzi, mara moja. Na hilo la kufukiza nimjibu nini? Sitaki kumkosea adabu.

Mkunga wa Pwani
Vijiko viwili mara moja havielezi kitu kilichoanza wiki tatu zilizopita, ila viishie hapo. Uvitaje kesho kwa daktari.

Bibi usimbishie, mwonyeshe. Degedege analolijua yeye ni la mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 mwenye homa kali, mara nyingi malaria: anakakamaa, macho yanageuka, haitiki. Hilo ni la kweli na linaua. Mwite akae nawe usiku, mwamshe mtoto mbele yake, aone inavyokata. Moshi, uwe wa kinyesi cha tembo au wa majani, unabana pumzi za mchanga. Akitaka kusaidia, amshike mtoto wewe ukirekodi.

Baba wa Mapacha
Naongeza la rekodi, kwa sababu akifika hospitali mtoto huwa amelala kimya. Simu ilale kwa upana wake, taa iwake, blanketi litoke, mwili wote uonekane kuanzia utosi hadi vidole. Sogea usoni sekunde 5, kisha rudi mwili mzima. Usikate baada ya mruko mmoja. Endelea dakika 2 au zaidi, na zile hatua tatu za Tabibu ziwemo humo humo. Usiitume kwa kuipunguza ubora hadi macho yasionekane.

Tabibu wa Zamu
Sasa upande wa pili, ambao hauruhusu kusubiri asubuhi. Nenda usiku huo huo akiruka akiwa macho. Macho yakiganda upande mmoja. Midomo ikitafuna hewa huku miguu ikikanyaga kama ya mwendesha baiskeli. Akikatisha pumzi au kuwa buluu. Joto likifika 37.5 au likishuka chini ya 35.5, akikataa ziwa, au akilegea hata asisogee mpaka aguswe. Njiani mlaze ubavu, usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe kitu cha kunywa, tazama saa. Akipata fahamu na kuweza kumeza, mnyonyeshe.

Kuna moja zaidi ya kukumbuka huko mbele, hasa miezi 3 hadi 12: sindromu ya West, aina ya kifafa cha watoto wachanga. Mtoto anajikunja ghafla kwa sekunde 1 au 2, kichwa kinainama, mikono inafunguka, anatulia, halafu tena baada ya sekunde chache, mfululizo, hasa akitoka tu usingizini. Watu huita chango, au humwona anashtuka tu. Kushtuka kwa kawaida kunataka sababu, kama mlango kubamizwa, na hakuji kwa mafungu. Daktari Mwingereza William James West aliieleza mwaka 1841 katika jarida la The Lancet, akimwandika mwanawe mwenyewe. Hiyo inahitaji EEG na dawa ndani ya siku chache, kwa sababu kila wiki inayopita inakula maendeleo ya mtoto: anaacha kutabasamu, shingo inalegea. Ya Shani haifanani nayo hata kidogo. Nimeitaja kwa sababu kinachotofautisha ni wakati: ya Shani inakata akiamka, ile inaanza akiamka.

MamaShani
Nimewaelewa, asanteni sana. Tunaondoka saa moja asubuhi, video ninazo mbili. Nianze na ipi?

Baba wa Mapacha
Ile anapoamshwa. Mwonyeshe daktari kabla hujaanza kueleza, na useme ni dakika ya ngapi ulipomgusa.