Naombeni ushauri: msafiri wangu amfikie Atahualpa siku gani?

MwanaMadaftari: Wakuu, heshima kwenu. Nina riwaya ya mtu anayerudi enzi za Wainka, watawala wa Peru ya kale, kumwonya mfalme Atahualpa asiingie uwanja wa Cajamarca tarehe 16 Novemba 1532, siku aliyotekwa na Wahispania wa Pizarro. Afike siku ngapi kabla ili historia igeuke? Nimekwama, wiki ya pili sasa usingizi haupandi.

Mzee wa Gahawa: Hata afike mwezi mzima kabla, nani atamsikiliza? Atahualpa ana maelfu ya askari, majeshi yake yametoka kumteka nduguye Huáscar, halafu aambiwe wageni 168 ni hatari? Marehemu babu yangu aliambiwa mto umefurika, akasema anaujua toka utotoni. Tulimwokota kwenye matete, kofia tusiione tena.

Binti Pangani: Mrudishe nyuma zaidi. Huayna Capac, baba yao, alikufa miaka ya 1520 kwa maradhi ambayo wengi wanaamini yalikuwa ndui, na mrithi wake Ninan Cuyuchi akafa pia. Hapo ndipo ndugu walipogombania kiti. Pambana na ndui kwanza, Pizarro atakuta nyumba ina wenyewe. Kwani sasa hivi mwisho wake ukoje?

MwanaMadaftari: Atahualpa anauawa 1533, kama ilivyokuwa, na chumba cha dhahabu ameshawajazia Wahispania wamwachie. Mimi nataka apone. Nimeshaandika kurasa arobaini yuko hai, njiani kwenda Cusco, mji mkuu wao.

Binti Pangani: Huo wa kuuawa kauandika nani?

MwanaMadaftari: Kaka yangu. Alifariki mwezi wa pili, akaacha madaftari matatu. Najua mtasema nisiguse, ila nimeshaanza na sioni kosa. Angeishi, angebadili mwenyewe.

Mama Wawili: Pole sana mdogo wangu. Lakini kazi ya marehemu ni amana. Tuliligawa shamba la mama kinyume na alivyotaka, mpaka leo hatusalimiani.

Fundi Saa: Hii chai. Akaunti ya jana, mara Wainka, mara marehemu. Kesho tutauziwa kitabu.

MwanaMadaftari: Sina cha kuuza. Ndani ya daftari la tatu kuna kamba za katani alizosokota mwenyewe, nne zinaning'inia kwenye moja nene. Ya kwanza ina mafundo sita katikati, chini fundo refu la mizunguko miwili. Ya pili fundo moja juu, katikati patupu, chini refu la mizunguko sita. Ya tatu moja juu, sita katikati, chini refu la minane. Ya nne haina kitu. Sijui maana yake, na sasa sina wa kumuuliza.

Mzee wa Gahawa: Hiyo ni kipu, kijana. Wainka waliweka hesabu kwa mafundo: mamia juu, makumi katikati, mamoja chini. 62, 106, 168. Wapanda farasi wa Pizarro, askari wake wa miguu, na jumla yao.

Fundi Saa: Nimehesabu mara mbili. Nisamehe ndugu yangu. Na ya nne?

Binti Pangani: Kamba tupu ni sifuri. Cajamarca siku ile hakuuawa Mhispania hata mmoja.

Mama Wawili: Au hakuwahi kuimaliza.

MwanaMadaftari: Nimeitoa tena, iko hapa mezani. Zile tatu amezifunga uzi nchani zisifumuke. Hii ya nne hajaifunga.