Kishikio cha chuma na wembe wa kawaida: kweli kinaokoa hela?

Mtafuta_Nafuu

Wakuu, naomba hesabu. Nanyoa ndevu siku moja ndiyo, siku moja siyo, kwa hiyo weka mara 180 kwa mwaka. Natumia kile kishikio cha plastiki chenye vichwa vya kubadilisha, vya nyembe tatu. Pakiti ya vichwa vinne ni 30,000 na kichwa kimoja kinanichukua wiki mbili. Povu la kopo 8,000, linaisha baada ya miezi miwili.

Sasa nataka kuhamia kwenye kishikio cha chuma kinachowekwa wembe wa kawaida wa pande mbili, na brashi na sabuni yake. Bei nilizopewa Kariakoo: kishikio 40,000, brashi 15,000, sabuni ya kunyolea ya gramu 100 kwa 10,000, kipande cha shabu (lile jiwe la kuzuia damu ukijikata) 3,000, na pakiti ya nyembe tano 1,000. Mdogo wangu anatumia sheva za kutupa za 1,000 na sabuni ya kuogea, anasema huko ninakotaka kwenda ni kupoteza hela tu. Nani yuko sahihi? Ndevu zangu ni za kipilipili na vipele vya shingoni haviishi.

Hesabu_Kwanza

Mkuu, swali la kwanza ni unahama kutoka wapi, maana jibu linabadilika kabisa.

Unachotumia sasa: vichwa 26 kwa mwaka, kila kimoja 7,500, inakuja 195,000. Ongeza makopo sita ya povu, 48,000. Jumla 243,000.

Wembe wa kawaida: kila wembe mara nne, kwa hiyo nyembe 45 kwa 200, ni 9,000 tu. Sabuni tuseme tatu kwa mwaka, 30,000. Shabu 3,000. Hiyo ni 42,000 kila mwaka, na mwaka wa kwanza unaongeza 55,000 ya kishikio na brashi, unafika 97,000. Vifaa vinarudisha hela yake kabla mwezi wa nne haujaisha.

Mdogo wako sasa. Sheva moja mara tatu, sheva 60 kwa mwaka, 60,000. Akihamia kwenye wembe wa kawaida anaokoa 18,000 kwa mwaka, na ile 55,000 ya kuanzia itamchukua miaka mitatu kuirudisha. Kwa mfuko wake yeye, hajakosea.

Sababu ya tofauti hii ni hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kutengeneza kitu chake peke yake. King Camp Gillette alipata hataza ya wembe wake Marekani mwaka 1904, ikaisha 1921. Siku hizi kiwanda chochote kinaruhusiwa kutengeneza wembe huo, na unaingia kwenye kishikio cha kampuni yoyote. Ndiyo maana kila duka la mtaa linao na bei haipandi ovyo. Kichwa cha nyembe tatu kinaingia kwenye mpini wake peke yake, kwa hiyo muuzaji anakupangia anavyotaka.

Pwani_Safi

Hesabu nzuri, ila hapo kwenye sabuni umemwonea. Kunyoa mara moja kunakula sabuni kati ya nusu gramu na gramu moja. Chukua robo tatu: mara 180 ni gramu 135, kipande kimoja na theluthi, yaani 13,500 na siyo 30,000. Gharama ya mwaka inashuka hadi 25,500. Hata mdogo mtu, akilinganisha na 60,000 zake, anaokoa 34,500, na vifaa vinajilipa kwa miezi kama 19. Ndiyo kusema hesabu nzima iko kwenye sabuni kuliko kwenye wembe.

Wanaomaliza sabuni mapema huwa wanaiacha kwenye kisahani chenye maji, inalainika na kuyeyuka usiku kucha. Isimamishe ikauke. Kosa la pili ni brashi inayochuruzika. Iloweshe, ikung'ute mpaka isidondoshe tone, ndiyo usugue kwenye sabuni kwa sekunde 20 hadi 30, hadi ncha za nywele zishike uji mzito kama mtindi. Hapo anza kuuzungusha uji huo kwenye kibakuli au usoni ukiongeza maji matone machache machache. Povu likiwa na mapovu makubwa yanayopasuka, maji yamezidi. Likiwa kavu na kung'ang'ania ngozi, ongeza tone. Lililoiva linang'aa na halidondoki.

Na angalia maji yako. Maji ya kisima ya ukanda wetu wa pwani mengi ni magumu au ya chumvi, na sabuni ikikutana nayo inatoa utando mweupe badala ya povu. Mtu anazidi kusugua, sabuni inakwisha, povu hakuna. Kuchemsha kunasaidia sehemu ya ugumu tu, chumvi inabaki. Weka nusu kikombe cha maji ya mvua au ya chupa kwa ajili ya povu peke yake, kusuuza tumia hayo hayo ya kisima.

Jambo jingine kabla hujalipia brashi: nyingi za bei ya chini zenye nywele halisi ni za nguruwe. Kama hilo ni tatizo kwako, uliza ya nailoni au ya nywele za farasi. Ya nailoni inakauka haraka na inatoa povu vizuri tu, wala usiione ya kiwango cha chini.

Fundi_Chuma

Hesabu zote hapo juu zinasimama kama kishikio kitadumu, kwa hiyo tukiongelee. Vya bei ndogo vingi vimeundwa kwa aloi ya zinki, juu wamepaka kromu. Kromu ikipasuka maji yanaingia, zinki inaoza kwa ndani, na siku moja ile skrubu ya kifuniko, kile kipande cha juu kinachofunika wembe, inakatika ukiwa unakaza. Hapo 40,000 imekwenda. Sumaku haitakusaidia kutambua, haishiki zinki wala shaba, na hata baadhi ya chuma kisichoshika kutu haikishiki. Fungua utazame meno ya skrubu: yakionyesha unjano pale kromu ilipolika, hiyo ni shaba, chukua. Ukishindwa kutambua, nunua cha zinki cha bei ya chini kabisa, usikaze kupita kiasi, usikidondoshe kwenye sakafu, kitakufaa muda wa kutosha kujua kama njia hii unaitaka.

Kuweka wembe: ushike kwenye zile ncha fupi zisizo na makali. Kaza huku umebana kifuniko na bamba la chini yake kwenye ncha hizo hizo, kisha kitazame kutoka mbele. Makali yanayochungulia yawe sawa pande zote mbili. Upande mmoja ukitokeza zaidi, ndio utakaokukata, na utalaumu wembe bure.

Mtafuta_Nafuu

Nimewaelewa, asanteni sana. Wembe mmoja siwezi kuuvuta mara kumi nikiufuta vizuri na taulo? Na vipele?

Dawa_Baridi

Usiufute, kaka. Taulo linaharibu makali kuliko ndevu zenyewe. Suuza, kung'uta maji, acha kishikio kikauke nje ya bafu. Mara nne au tano kwa ndevu ngumu, halafu tupa. Wembe wa 200 ukiuvuta mara kumi unaokoa shilingi 30 kila unaponyoa, na kwa makali yale utaanza kukandamiza. Hapo ndipo michubuko na vipele vinapoanza, na mrija mmoja wa dawa ya vipele unameza akiba ya mwaka. Dalili ya kuubadilisha ni pale unapohisi unang'oa badala ya kukata.

Vipele vyako vina uhusiano na zile nyembe tatu. Wembe wa mbele unauvuta unywele, unaofuata unaukata, na kinachobaki kinarudi chini ya ngozi. Unywele uliojikunja ukianza kuota unachoma ngozi kutoka ndani. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi, ila usiuharibu kwa haya: usivute ngozi ya shingo kwa nguvu, usinyoe kupinga ndevu zinavyolala, usirudie mahali pasipo na povu.

Papasa shingo kwanza ujue ndevu zinalala upande gani, maana shingoni mara nyingi zinalala kwa pembeni. Weka kifuniko kigusane na shavu, mpini ukiwa umelala sambamba na sakafu, kisha ushushe taratibu mpaka usikie makali yanashika, takriban nyuzi 30. Mapigo mafupi ya sentimita mbili tatu, uzito wa kishikio unatosha, mkono usiongeze kitu. Ukitaka laini zaidi, paka povu upya, unyoe kwa ubavu.

Kama sasa hivi shingo ina vipele vyenye usaha, acha kunyoa hapo mpaka vipone, punguza kwa mashine ukiacha milimita moja au mbili. Shabu iloweshe, pitisha usoni, subiri dakika moja, suuza. Inazuia damu na itakuonyesha ulipokandamiza, maana panawasha zaidi.

Na mwambie mdogo wako kishikio mnaweza kuchangia kikioshwa vizuri kwa spiriti, wembe hapana hata mara moja. VVU na homa ya ini ya B vinapita kwenye damu ndogo sana. Kila mtu na pakiti yake, na nyembe zilizokwisha mzitumbukize kwenye kopo la bati lililotobolewa mwanya juu, msizitupe wazi kwenye mfuko wa taka.