Baiskeli ya milimani baada ya matope: ioshwe vipi bila kuiharibu?

Mwendesha wa Magamba:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Ninaendesha baiskeli ya milimani yenye breki za diski na shokapu za mbele katika njia za Usambara, kati ya Lushoto na msitu wa Magamba, ambako mvua za masika huligeuza vumbi jekundu kuwa udongo mzito unaoganda kwenye tairi, fremu na gia. Nikirudi huipeleka kwa vijana wanaoosha bodaboda kwa mashine ya presha, kisha hutia mafuta ya cherehani kwenye mnyororo. Hata hivyo mnyororo hulia tena baada ya safari moja, na breki ya nyuma hupiga kelele na kushika kwa shida. Je, tatizo ni uoshaji au ni mafuta?

Fundi Mstaafu:
Ni yote mawili, ila ninaanza kuishuku mashine ya presha. Maji yenye nguvu hupenya mipira ya kuzuia vumbi kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kwenye ekseli ya pedeli na kwenye shingo ya usukani, yakaondoa grisi na kuziacha beringi zikisagana na mchanga. Ndoo, sabuni ya vyombo na brashi laini vinatosha. Anzia juu ukishuka, na mnyororo na gia uvioshe mwisho kwa brashi ya peke yake, kwa sababu brashi yenye mafuta ikigusa diski utakuwa umeihamishia breki uchafu huo.

Kisha ufute mnyororo kwa tambara kavu huku ukizungusha pedeli kinyumenyume, uuache ukauke kabisa, ndipo udondoshe tone moja kwenye kila pingili. Baada ya dakika chache futa mafuta yote yaliyobaki nje, kwani yanayofanya kazi ni yale yaliyoingia kwenye pini. Ya nje huokota vumbi tu. Mafuta ya cherehani si mabaya, lakini ni mepesi mno kwa matope na husombwa mapema, kwa hiyo wakati wa masika tafuta mafuta mazito kidogo ya mnyororo wa baiskeli. Oili chafu ya gari, ambayo baadhi ya mafundi wenzangu huipenda kwa kuwa ni ya bure, imejaa masizi na chembe za chuma.

Mkazi wa Soni:
Naongezea kuhusu breki. Kelele inayotokana na maji huisha ukifunga breki mara kadhaa. Ikiwa nguvu hairudi hata diski ikikauka, yaelekea pedi zimenyonya mafuta. Diski isafishwe kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kipya, na pedi zibadilishwe; kuzipiga msasa au kuzichoma, kama wengi wanavyofanya, mara nyingi huleta nafuu ya muda mfupi.

Vilevile usiyaache matope yakauke kwenye nguzo za shokapu. Wapo wanaosema udongo uliokauka hutoka kwa urahisi, na kwa fremu sibishani nao, lakini nguzo zikididimia zikiwa na mchanga huo, mipira yake hukatika na nguzo zenyewe huchubuka.

Mwendesha wa Magamba:
Nashukuru sana, wakuu. Na mafuta ya taa yanafaa kusafishia mnyororo?

Fundi Mstaafu:
Yanafaa iwapo utauvua na kuuloweka pembeni. Ukiyamwaga mnyororo ukiwa mahali pake, hutiririka hadi ndani ya habu ya nyuma na kuyeyusha grisi yake. Ukishaukausha, uning'inize na uupime kwa rula: toka katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele, na umbali unapaswa kuwa inchi 12, yaani milimita 304.8. Ukizidi milimita 306 kwa gia 11 au 12 za nyuma, au 307 kwa gia chache zaidi, nunua mnyororo mpya sasa, kabla huo wa zamani haujayala meno ya gia ambazo bei yake ni kubwa zaidi.