Washauri wa kijeshi wanageukaje kuwa jeshi zima? Nieleweshwe hii ya Vietnam

KijanaWaMajengo:
Wakuu salaam. Niko Moshi hapa, jana jioni kijiweni karibu na stendi tumebishana mpaka kahawa imepoa. Kuna mzee mmoja mstaafu anasema Marekani haikuwahi kukaa chini ikaamua kupigana Vietnam, eti iliteleza tu mdogo mdogo kuanzia kwa washauri. Nikamwambia mzee wangu nchi kubwa vile inatelezaje na watu zaidi ya laki tano? Kanicheka, kasema wewe umezaliwa juzi. Sasa mshauri si kazi yake kushauri? Bunduki anaishikaje?

ChaliiWaSakina:
Mzee wako yuko sahihi nusu. Anza 1950, waliokuwa wanapigana kule ni Wafaransa, Marekani ikapeleka kikundi kidogo cha kusimamia silaha na misaada. Mei 1954 Mfaransa akachapwa na wapiganaji wa kikomunisti wa Vietnam pale Dien Bien Phu, kwenye mkutano wa Geneva nchi ikagawanywa, wakomunisti Kaskazini na wapinzani wao Kusini, Mfaransa akafungasha virago, Mmarekani akabaki anafundisha jeshi la Kusini la Diem, mtawala wa huko. Mpaka Rais Eisenhower anatoka hao washauri hawakufika hata elfu moja. Akaja Kennedy, mwisho wa 1961 wako kama 3,200, mwaka mmoja mbele kama 11,300, mwisho wa 1963 kama 16,300, na wote kwenye makaratasi bado ni washauri. Sasa watu elfu kumi na sita wanamshauri nani jamani??

Ila usikomae sana na idadi, angalia kazi yenyewe ilivyobadilika. Desemba 1961 zimeshushwa helikopta Saigon, zimekuja na marubani wao na mafundi wao, hapo nani anamfundisha nani. Mshauri naye akatolewa kambini akawa anaingia porini na batalioni, ana redio ya kuita ndege. Na kuna ndege za mabomu rubani ni Mmarekani halafu anapakiwa Mvietnam mmoja ili ionekane ni mafunzo. Yani mwalimu wa udereva kashika usukani mwenyewe kutoka Himo mpaka Arusha, mwanafunzi yuko siti ya nyuma anatafuna karanga.

Halafu Januari 1963 pale Ap Bac jeshi la Kusini lilikuwa na watu wengi kuliko adui, yaani waasi wa kikomunisti, na bado likaumbuka, helikopta 5 zikapotea, Wamarekani 3 wakafa. Ungeweza kusema basi hawa hawafundishiki turudi nyumbani. Wao wakaona dozi ilikuwa ndogo.

MamaWaNjoro:
Hiyo kuteleza mnayosema mimi siikubali, mtu anateleza kwenye matope, hasaini karatasi. Agosti 1964 meli ya Marekani ilishambuliwa tarehe 2 kwenye ghuba ya Tonkin, ikadaiwa imeshambuliwa tena tarehe 4, na hilo la pili baadaye ikaonekana halikutokea kabisa. Tarehe 7 tayari Bunge limempa Rais Johnson, aliyemrithi Kennedy, ruhusa ya kutumia jeshi, 416 kwa 0, Seneti 88 kwa 2. Februari 1965 kambi yao ya Pleiku ikapigwa, wakafa 8, ndege zikaanza kushambulia Kaskazini. Sasa ndege inataka uwanja, uwanja unataka mlinzi, Machi 8 ndio wakashuka wanamaji kama 3,500 Da Nang "kulinda uwanja" tu. Haujaisha hata mwezi, Aprili 6 Johnson akaidhinisha watoke nje wakapigane, na maelekezo yakasema jambo hilo lisitangazwe. Kama ni kuteleza, unaficha nini? Mwisho wa mwaka huo wako kama 184,000.

ChaliiWaSakina:
Mama hapo umenishika. Ila kila hatua ilikuwa inailinda ile iliyotangulia, hiyo ndiyo maana ya mzee nadhani.

Mnyonge_Kaloleni:
Mnaenda mbali hivyo wakati mfano umepita hapa hapa Arusha. Oktoba 1990 Ufaransa ilipeleka wanajeshi Rwanda kulinda raia wake, 1991 ikaongeza kikosi cha kufundisha jeshi la rais wa huko, Habyarimana, vita inavyopamba moto na wao wanaongezeka. Wameondoka mwisho wa 1993, baada ya mkataba wa amani uliosainiwa hapa Arusha Agosti 4. Mauaji ya kimbari yaliyofuata 1994 kila mtu anayajua, na kesi zake zimesikilizwa pale AICC, jengo la mikutano la kimataifa, miaka na miaka sisi tunapita nje na daladala.

KijanaWaMajengo:
Asanteni sana, hiyo ya Aprili 6 naenda nayo leo jioni, nataka nione mzee atatokea wapi. Ila kwa hesabu zenu yeye ana nusu na mimi nina nusu, kwa hiyo kahawa tunachangia.