Mjadala: Kupanga muda kwenye spika, sikio linafaidika au ni mbwembwe za wauzaji?

Wadau, zikitajwa spika zenye uso ulioinamia nyuma, au zile ambazo tuita (kipaza cha sauti nyembamba) imerudishwa nyuma ili iwe sambamba na wufa (kipaza cha besi), ubishi hauishi. Kambi moja inashikilia kuwa besi na sauti nyembamba lazima zifike sikioni kwa pamoja. Nyingine inasema huo ni urembo wa kupandishia bei.

Naona wote wanapima pasipo pake. Koili ya wufa, yaani waya unaoitikisa, kwa kawaida hukaa ndani zaidi kuliko ya tuita. Tuseme wamepishana sentimita 3.4. Sauti hewani huenda takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo tuita inatangulia kwa sehemu ya kumi ya milisekunde. Majaribio ya watafiti Blauert na Laws ya mwaka 1978 yalionyesha watu huanza kutambua masafa (mitetemo ya sauti, ya juu au ya chini) yaliyochelewa yakifika milisekunde 1 hadi 3 hivi. Anayeniambia "naisikia tuita ikitangulia" simwamini.

Kwenye kumbi za sinema ndiko ilikosikika kweli. Miaka ya 1930 mafundi wa studio ya filamu ya MGM walisikia vishindo vya viatu vya mchezaji dansi vikijirudia, kwa sababu njia ya sauti ndani ya honi (bomba linalopanuka) ya besi ilizidi ile ya honi ya sauti nyembamba kwa zaidi ya mita 2. Hizo ni kama milisekunde 7!

Sasa njoo kwenye krosova, yaani saketi inayogawa sauti kati ya wufa na tuita, tuseme ya hezi 2,500. Hapo wufa na tuita zinapiga sauti ileile, na wimbi lake lina urefu wa sentimita 14 hivi. Zile 3.4 ni robo ya wimbi: nguvu inapungua. Zikifika 7, mawimbi yanafutana, na sauti ya mwimbaji inatobolewa shimo. Ukisimama kutoka kwenye kiti, umbali unabadilika na shimo linahama. Hilo hata asiye fundi analisikia. Ila linatibika ndani ya krosova yenyewe, bila kuinamisha boksi. Ile aina ya krosova iitwayo Linkwitz-Riley, ya daraja la nne (inayokata kwa mteremko mkali), hupindisha fezi, yaani wakati wa mawimbi kupanda na kushuka, lakini ikipangwa vizuri jumla ya sauti hubaki tambarare, bila shimo.

Wanaobisha, fanyeni hivi: chukueni spika ileile, mrekebishe fezi pekee kwa programu, nguvu ya kila masafa ibaki ilivyo, kisha mtu mwingine abonyeze swichi bila ninyi kuona. Nani ameshajaribu, na alipatia mara ngapi?