Albamu ya Neil Young ya kupinga vita: mwaionaje?

Wa Langoni: Asalamu aleikum, ndugu zangu. Jana usiku, stima ilipopotea, nilisikiliza kwa simu "Living with War", albamu ambayo Neil Young, mwanamuziki wa roki kutoka Kanada, aliitoa mwaka 2006 kupinga vita vya Iraki, na wimbo unaodai rais wa Marekani aondolewe madarakani umenikaa moyoni. Je, hii ni sanaa, au ni hotuba iliyotiwa gitaa?

Wa Shela: Waaleikum salaam. Ni sanaa. Aliirekodi kwa siku chache tu, akaongeza tarumbeta na kwaya ya watu 100, na ule mkwaruzo wa gitaa lisilopigwa msasa ndio unaonifanya nimwamini.

Wa Mkomani: Natofautiana nawe kidogo, ndugu yangu. Maneno yake yako wazi mno. Sisi tuliolelewa na mafumbo ya washairi wetu hupenda neno lifichwe, msikilizaji alifumbue mwenyewe. Hata hivyo wimbo wake "Ohio", aliouandika mwaka 1970 baada ya askari kuwaua wanafunzi wanne katika jimbo hilo la Marekani, nao ni wa wazi, na kila nikiusikia hunitoa machozi.

Wa Langoni: Ahsanteni. Nitairudia usiku huu, nikiitegea sikio ile kwaya.