Mjadala: Tahajia ya Kiingereza, tufundishe kwa sauti au watoto wakariri maneno?

Mleta mada, Tabora mjini: Mtoto wa darasa la tatu anasoma Kiswahili vizuri tu. Mpe imla ya Kiingereza: cake anaandika "keki", milk anaandika "miliki". Wapo wanaotaka tuache orodha za maneno ya kukariri, tufundishe kwa sauti, yaani foniki: mtoto ajue sauti ya kila herufi, kisha aziunganishe kuwa neno. Mnasemaje?

Mwalimu, Urambo: Kukariri. Kiswahili kina irabu 5, kila moja na sauti yake. Kiingereza kina herufi 26 kwa sauti kama 44. Though, through, cough, rough: ough ni ileile, sauti nne tofauti. Mtoto utamwambia nini?

Mkufunzi wa walimu, Kasulu: Mwalimu, maneno ya ough yanahesabika, yasiwe kisingizio. "Miliki" haikuletwa na Kiingereza. Imeletwa na ba be bi bo bu: mtoto amezoea kila konsonanti ibebe irabu. Ukimtamkia "be-a-te" ukategemea bat, atakupa "beate". Sauti ya b ikatwe fupi, midomo ikiachana basi. S, m, n na f zivutwe: sss, mmm. Programu nyingi za foniki huanza na s, a, t, p, i, n kwa sababu herufi hizo 6 tu zinampa mtoto sat, pin, tap, nap, tin.

Chora visanduku vitatu ardhini, mpe vizibo vinne vya soda. Tamka ship. Kila sauti asukume kizibo kimoja: sh, i, p. Herufi nne, vizibo vitatu. Akishika cha nne, ama ametenganisha s na h, ama amebandika irabu mwishoni. Kosa umelikamata kabla hajagusa penseli.

Mzazi, Ujiji: Na sheep je? Kwetu zote ni "shipu".

Mkufunzi, Kasulu: Hapo Tabora wana bahati. Kinyamwezi kina irabu 7, zikiwemo i mbili, kwa hiyo sikio la mtoto limeshazoea kutofautisha. Kiha kina 5 ila kinatenganisha fupi na ndefu, basi mtoto wa Kigoma aanzie kwenye urefu, ingawa urefu peke yake hautoshi. Anayefukuza lugha ya nyumbani darasani anatupa kifaa cha bure.

Mwalimu wa darasa la tatu, Nguruka: Niongeze kuhusu e ya mwisho, isiyotamkwa ila inabadili sauti ya irabu iliyotangulia: cap na cape, kit na kite, hop na hope. Ukiileta kabla irabu fupi hazijakaa, mtoto anasoma "kape", au anaibandika kila neno. Have na give wala si uasi: Kiingereza hakipendi neno liishie na v, kwa hiyo e imewekwa kulifunga tu. Na ck hufuata irabu fupi, back, duck. Konsonanti ikitangulia, k inabaki peke yake, milk, desk. The, said na one yakaririwe, mawili kwa wiki.

Mwalimu, Urambo: Vizibo nimevielewa. Maana je? Uingereza tangu 2012 wanawapima watoto foniki kwa maneno 40, na 20 kati yake ni ya kubuni, yasiyo na maana. Mtoto wetu kila neno la Kiingereza kwake ni kama la kubuni! Na darasa la watoto 90?

Mkufunzi, Kasulu: Kwenye maneno ya kubuni niko upande wako, hapa hayafai. Anza na unachoweza kukishika mkononi: tin, pin, pot. Kwa watoto 90, wasukume vizibo wawili wawili, mmoja anatamka. Imla ya Ijumaa iwe maneno 6: manne ya muundo wa wiki, moja la wiki iliyopita, moja la kukariri. Wabadilishane madaftari wasahihishane.

Mwalimu, Urambo: Sita sawa. Ila cough naendelea kuikaririsha.